S moja tu

Leo nimepokea majibu ya kalcha ya kidonda cha mama, kile kipimo cha kuotesha vijidudu maabara na kuvijaribia dawa.

Karatasi moja, majina ya antibayotiki yamepangwa kushuka chini, na mbele ya kila jina herufi R.
R. R. R.
Daktari akanieleza taratibu: R maana yake vijidudu vimeshaizoea dawa, haiviui tena; S maana yake dawa bado inaviweza.

Chini kabisa, S moja. Ya sindano.
Nikaiwekea kidole, nikashindwa kukiondoa.

Jioni nimesoma kuhusu teixobactin, antibayotiki iliyotangazwa 2015, imetokana na bakteria wa udongoni. Udongo jamani, huu tunaoukanyaga! Mpaka leo haijafika hospitalini. Watafiti, Mungu awatie nguvu, tunawasubiri.

Mama kachomwa sindano ya kwanza saa kumi. Sasa amelala.

Nani ameshauguza hivi? Nafuu ilianza kuonekana baada ya siku ngapi?