Skripti Inayojua Kukataa

Umeme umerudi saa nne kasorobo usiku. Kabla sijawasha hata feni nimeangalia kitaa cha bluu cha diski ya nje. Kinawaka. Diski hii kubwa inakula umeme wa ukutani, kwa hiyo ukikatika inazimika, huku laptop ikiendelea na betri yake kana kwamba hakuna kilichotokea. Tofauti hiyo ndogo ndiyo iliyonitesa mwaka jana.

Skripti yangu ya zamani, yaani orodha ya amri ambazo kompyuta inazitekeleza yenyewe, ilikuwa mstari mmoja tu wa rsync, amri ya kunakili mafaili kwenye Linux, ikiamka kila siku saa nane usiku na kunakili /home, folda ya mafaili yangu, kwenda /mnt/nakala, folda ambamo diski ya nje inafungukia. Siku moja niliiwasha laptop upya, diski ya nje imezimika na mimi sina habari. Folda ya /mnt/nakala ipo palepale hata kama diski haijapachikwa, yaani haijaunganishwa na folda hiyo, ila inabaki folda tupu ndani ya diski ya laptop yenyewe. Basi rsync ikaimwagia kila kitu humo mpaka nafasi ikaisha. Asubuhi hakuna faili lililokubali kuhifadhiwa. Nikawasha diski ya nje nikaipachika, na hapo ndipo nilipopotea kabisa: diski iliyopachikwa inaifunika ile folda na vilivyomo, kwa hiyo nikawa naambiwa laptop imejaa na sioni kilichoijaza. Asubuhi nzima ikaenda. Nilipoichomoa ile diski ndipo nikaukuta mzigo wote umekaa pale.

Tangu hapo naandika skripti nikianza na kukataa. Mstari wa kwanza wa maana ni huu: mountpoint -q /mnt/nakala || exit 1. Diski haipo, hakuna kazi. Kisha, diski ikiwa imechomolewa, nikaifungia ile folda tupu kwa chattr +i, amri inayozuia mabadiliko, hata ruti, mtumiaji mkuu wa mfumo, asiweze kuandika ndani yake. Diski ikipachikwa juu yake, kazi inaendelea kama kawaida.

Baadaye nilihamia Btrfs, mfumo wa kupanga mafaili kwenye diski, na kwa kweli naipenda. Snapshoti, yaani picha ya /home ilivyo wakati huo, inachukua kama sekunde moja, kwa sababu hainakili data yoyote. Inashika vipande vilevile vilivyopo, na faili likibadilika, mabadiliko yanaandikwa mahali pengine na cha zamani kinabaki. Lakini snapshoti inakaa kwenye diski ileile. Diski ikifa, zinakufa pamoja. Ndiyo maana kila usiku natengeneza snapshoti ya kusoma tu kwa -r (bila hivyo btrfs send, amri ya kuituma, haikubali), halafu naipeleka kwa btrfs send -p, nikiitajia ya jana, na btrfs receive inaipokea upande wa pili. Mara ya kwanza ilichukua jioni nzima. Siku hizi ni dakika chache, maana kinachosafiri ni tofauti ya jana na leo tu.

Umeme ukikatika katikati ya safari, diski inabaki na snapshoti nusu, yenye jina kamili kabisa. Ukiangalia kwa ls, amri ya kuorodhesha mafaili, huwezi kuitambua. Nikaweka set -o pipefail, kwa kuwa bila hiyo Bash, programu inayoendesha skripti, inaangalia amri ya mwisho tu kwenye bomba, yaani mlolongo wa amri zinazopokezana data, ya kwanza ikianguka haijali. Halafu skripti inauliza btrfs subvolume show: kama mstari wa Received UUID, alama inayowekwa upokeaji ukikamilika, hauna kitu, ile nusu inafutwa na ya jana haiguswi. Ya jana ni mama wa ya leo. Ikikosekana upande mmoja, itabidi kupeleka mzigo wote upya.

Usiku huu ndivyo ilivyotokea. Nusu imefutwa, skripti imerudia, Received UUID imejaa. Sikuridhika na hilo peke yake. Nimeingia kwenye diski, nikachagua faili moja la sauti la marehemu bibi akinifundisha kusuka ukili, nikalirudisha kwenye laptop na kuvaa spika za masikioni. Nyuma kuna jogoo, na ukindu unasikika ukipita vidoleni. Nimesikiliza mpaka pale anaponisahihisha: "Usivute sana, mwanangu, utajikunja."

Faili zima. Diski naichomoa sasa.