Nilivyomfundisha kijana mfupi kuruka juu ya kichwa chake

Ukifundisha michezo katika shule za sekondari huku kwetu, ushauri huu utausikia mapema sana: wafupi wapeleke kwenye mbio, kuruka juu waachie warefu. Nimeusikia kwa walimu wenzangu, kwa kocha mmoja, na kwa mzazi aliyenifuata mpaka ofisini: "Madam, mwanangu hana kimo, utamvunja bure." Kijana mwenyewe alikuwa kidato cha tatu, mita 1.63 akisimama peku. Kabla hajamaliza kidato cha nne alikuwa amevuka 1.78. Naandika kwa sababu ushauri ule bado unatolewa, na unawanyima watoto mchezo wao.

Kila aliyeniletea hoja ya kimo nilimjibu kwa jina moja: Stefan Holm. Ni Msweden, mzaliwa wa Forshaga mwaka 1976, kimo chake mita 1.81. Mtaani huyo ni mrefu, ila msimamishe karibu na Javier Sotomayor wa Kuba, mwenye rekodi ya dunia ya 2.45 tangu mwaka 1993, ambaye ana 1.95. Au karibu na Msweden mwenzake Patrik Sjöberg, mwenye mita mbili kamili. Kati ya watu wa aina hiyo, Holm alichukua ubingwa wa dunia wa ukumbini, yaani wa mashindano ya ndani ya jengo, mara nne na dhahabu ya Olimpiki. Machi 2005, kule Madrid, alivuka 2.40. Toa kimo chake hapo: amepita sentimita 59 juu ya kichwa chake. Aliyewahi kufikia tofauti hiyo kabla yake ni Mmarekani Franklin Jacobs, mtu wa 1.73 aliyeruka 2.32 mwaka 1978. Mabingwa wawili wa kupita vichwa vyao, na wote wafupi kwa mchezo huo! Nilimwandikia kijana hesabu hii ubaoni akakaa anaitazama muda mrefu.

Lakini hadithi haifai kitu kama hakuna pa kuangukia. Shule yetu, wilaya ya Magu, ilikuwa na shimo la mchanga, na kwenye mchanga utaruka mkasi tu, mguu mmoja kisha mwingine, utue wima. Mtindo wa mgongo, wa kupita na kutua chali, aliouonyesha Mmarekani Dick Fosbury kwenye Olimpiki ya Mexico City mwaka 1968, akashinda kwa 2.24, uliwezekana kwa sababu Marekani walikuwa wameanza kuacha mchanga na maranda na kutandika sponji. Anayekuambia umfundishe mtoto mtindo huo juu ya mchanga hajui shingo ya mtu inavyovunjika.

Godoro la kiwandani ni bei ya kujengea nyumba, kwa hiyo tukaanza kutafuta. Ushauri wa kwanza niliopewa ulikuwa pumba za mpunga, kwa kuwa huku zinamwagwa bure mashineni. Tukajaza magunia, tukayapanga, yakapendeza. Sikumruhusu mtoto yeyote kugusa kabla ya kupima. Jaribio langu lilikuwa hili: mwanafunzi anapanda juu ya meza na kiroba cha mchanga cha kilo ishirini na tano, anakiachia, nami natazama kinavyotua. Siku ya kwanza kilizama vizuri. Wiki ya pili kilizama kidogo. Ikaja mvua usiku mmoja, pumba zikashikana, na kiroba kilipoanguka kilipasuka, mchanga ukatawanyika, magunia hayakubonyea hata kidogo. Wanafunzi walinyamaza. Kila mmoja alijua kwamba pale ungekuwa mgongo wake.

Tukahamia kwa mafundi makochi wa Mwanza mjini. Wakikata sponji hubaki na vipande wasivyovihitaji, wengine huviuza kidogo kidogo kwa washona mito. Niliwazungukia kila nilipokwenda mjini, huyu nikamlipa elfu mbili, yule soda, wengi wakanipa bure nilipoeleza ni kwa ajili ya shule. Gharama iliyouma ni pikapu ya kubebea, elfu thelathini na kitu. Chini tulipanga matairi chakavu, juu yake mbao za kreti, kisha magunia ya sponji mpaka usawa wa kiuno.

Tatizo lililobaki lilikuwa baya kuliko pumba: magunia yaliachana. Kiroba kikitua katikati ya mawili kinapenya mpaka kwenye mbao. Hapo ndipo nilipowaza mwaloni, kule ufukweni wanakotia nanga wavuvi. Nilimwomba mvuvi nyavu iliyochoka, tukaifunika juu ya magunia yote, tukaipitisha chini ya kreti na kuikaza kwa kamba pande zote nne. Magunia yakawa kitu kimoja. Kiroba tulikiachia kila sehemu, kwenye kona, katikati, kwenye maungio, na hakikugusa mbao tena. Najivunia nyavu ile kuliko kikombe chochote kilichomo ofisini kwetu.

Badala ya ufito, ule mti wa kurukwa, nilifunga mpira wa ndani wa baiskeli niliouchana mwembamba, na kitambaa cheupe katikati ili auone. Mtoto anaogopa mti, haogopi mpira. Woga ulipotoka, makalio yakaanza kupanda.

Kuhusu kukimbia: mfupi anaishi kwa mwendo. Holm alikuja kwa kasi ambayo warefu wengi hawaihitaji. Anza moja kwa moja, kisha hatua tano za mwisho pinda. Ule mkunjo usiukadirie kwa macho. Chomeka kigingi, funga kamba ya mita saba hivi, zungusha na chokaa. Mwili ulalie ndani ya mkunjo, mguu wa kukanyagia uwe ule ulio mbali na ufito, na kidevu kifuani wakati wa kutua. Hilo la kidevu lirudie kila siku.

Walionishauri walipokosa la kusema kuhusu kimo waliniletea Donald Thomas. Ni kweli, yule wa Bahamas aliyeanza kuruka mwaka 2006 kwa ubishi wa chuoni, na mwaka uliofuata akawa bingwa wa dunia Osaka kwa 2.35, Holm akiwa wa nne. "Unaona madam, ni kuzaliwa nacho." Mimi nawauliza: Machi 2008, kule Valencia, nani alichukua ubingwa wa ukumbini? Holm, mara yake ya nne. Mwenye miguu kama ya Thomas hahitaji mwalimu kama mimi. Holm alinolewa na baba yake, Johnny, tangu utotoni, na kwenye Olimpiki ya Sydney mwaka 2000 aliondoka wa nne bila medali.

Habari ya dhahabu yake ya Olimpiki, Athens 2004, nilimsimulia kijana mpaka akawa ananisahihisha. Ufito uko 2.34, Holm ameangusha mara mbili, akiangusha ya tatu anatoka mikono mitupu. Akavuka. Wakapandisha 2.36, akavuka jaribio la kwanza, wenzake wakashindwa.

Kwenye UMISSETA, mashindano ya michezo ya shule za sekondari, ngazi ya mkoa, kijana wetu naye aliangusha mara mbili kwenye 1.75. Sikumwambia neno, nilimwonyesha vidole vitatu tu naye akaitikia kwa kichwa. Alivuka, na 1.78 akaivuka mara moja. Alikuwa mfupi kuliko wote waliosimama pale.

Sasa nina binti wa kidato cha pili, mwembamba, hatua zake fupi, kwa hiyo nimelazimika kuchora mkunjo mpya wenye kamba fupi zaidi. Na sponji zimeanza kuchoka upande wa kushoto, wengi wanatua huko. Yeyote mwenye fundi makochi jirani asimwache atupe vipande.