Kibali cha bima kwa dawa za ADHD Marekani

Famasi ikikataa kukupa dawa ya ADHD (tatizo la umakini na kutotulia) kama Adderall, Vyvanse au Concerta, usigombane na mfamasia. Muulize: ni bima imekataa, au cheti cha dawa cha daktari ndicho kimekwisha? Watu huyachanganya haya mawili kila mwezi.

Dawa hizi zimo Daraja la II la dawa zinazodhibitiwa, hivyo sheria ya shirikisho hairuhusu cheti kimoja kutumika tena. Daktari anaweza kuandika vyeti kadhaa kwa mkupuo, jumla visizidi dawa za siku 90, kila kimoja na tarehe yake ya kuanzia kuchukuliwa. Kama cheti unacho na bado umerudishwa, basi angalia kibali cha bima, yaani ruhusa ambayo bima hutoa kabla ya kulipia dawa.

Kibali mara nyingi hudumu miezi 12, tena kwa dawa, nguvu na idadi iliyoandikwa. Ukipandishwa kutoka miligramu 20 hadi 30, kompyuta ya famasi inaweza kukukatalia hata kama kibali hakijaisha. Ukihamia bima nyingine, usitegemee kile cha zamani.

Anza kuomba upya wiki nne kabla kibali hakijaisha. Bima haina haja na simulizi ya maisha yako. Inataka msimbo wa ugonjwa (F90.0 kwa tatizo la umakini, F90.2 kwa mchanganyiko wa umakini na kutotulia), tarehe ya karibuni ya kumwona daktari, maelezo kwamba dawa inasaidia, na dawa ulizotumia kabla yake. Hapo kwenye dawa za awali ndipo fomu nyingi hukwama. “Haikumfaa” haitoshi. “Methylphenidate miligramu 36, wiki sita, akakosa usingizi na kupungua uzito” ndilo jibu. Na kwa kuwa anayejaza fomu mara nyingi ni karani, si daktari, mpelekee orodha hiyo kwa maandishi.

Wakikataa, barua yao lazima itaje sababu. Daktari wako anaweza kuomba kuongea kwa simu na daktari wa bima. Jaribuni hilo kwanza. Likishindikana, bima nyingi za binafsi hutoa siku 180 za kukata rufaa. Medicaid (bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo) inayoendeshwa na kampuni, siku 60. Ikiwa kukosa dawa kutahatarisha afya yako, daktari aandike kwamba rufaa ni ya dharura, ijibiwe ndani ya saa 72. Wakati unasubiri, uliza famasi bei ya taslimu ya dawa isiyo na jina la kampuni, na utunze risiti.