Jinsi nilivyojua pikapu yangu inavuta kilo ngapi

Wenzangu mnaoleta matoke Kampala kutoka Mbarara, hili limenisumbua majuma matatu. Nikifunga trela, pikapu inahema mlimani, injini inachemka, na kwenye mteremko trela inayumba. Nilibadilisha maji ya rejeta, nikajaza upepo, nikapunguza mikungu kwa kukisia. Wapi!

Kitabu cha gari kilisema trela yenye breki isizidi kilo 2,500, nami nikaishia hapo. Kumbe mstari wa chini yake ulitaja kikomo kingine: gari na trela kwa pamoja, kilo 5,000. Nikapeleka pikapu kwenye mizani ya magari, tangi limejaa, mimi na utingo ndani, mizigo nyuma: kilo 2,870. Zikabaki 2,130. Na hizo ni pamoja na trela yenyewe, ambayo ikiwa tupu ina kilo 620! Kwa hiyo matoke ni kilo 1,510 tu.

Kisha nikasogeza mikungu mbele kidogo ya ekseli, hadi shingo ya trela (ile ncha ya mbele inayofungwa kwenye pikapu), nilipoiwekea mizani ya magunia, ikasoma kama kilo 210, yaani sehemu ya kumi hivi ya uzito wa trela na matoke yake. Hapo kuyumba kukaisha. Jana nimefika Kampala, mshale wa joto haukupanda.