Pupa wa mbung'o na akiba yake ya mafuta

Mbung'o hatagi mayai. Jike huzaa buu mmoja mmoja, mweupe, mwenye vinundu viwili vyeusi mkiani, tayari ameshiba. Buu hujichimbia udongoni, na baada ya muda mfupi ngozi yake hukakamaa ikawa ganda la kahawia; sasa ni pupa. Tangu hapo haingizi kitu kinywani. Mafuta aliyopewa na mama ndiyo masurufu yake mpaka atoke na kupata damu ya kwanza.

Joto ndilo linaloamua masurufu hayo yataliwa upesi kiasi gani, na kwa siku ngapi. Kwenye nyuzi 30 za Selsiasi jike hutoka baada ya siku 20 hivi. Kwenye 24, siku 28. Kwenye 20, siku 47. Kwenye 16, karibu siku 100. Penye baridi anatumia kidogo kidogo, lakini safari ni ndefu mno na mafuta humwishia njiani. Joto likipita 32, mafuta huteketea upesi na wengi hufa. Huko porini, msimu wa joto kali, majike wa bonde la Zambezi huenda kuzalia kwenye mashimo ya muhanga, ambako kuna ubaridi.

Ukikagua trei ya pupa wa kufugwa utawaona walioishiwa mafuta: kifuniko cha ganda kimefunguka nusu, nzi amefia mlangoni. Ili kukisukuma, hana budi kuvimbisha kifuko cha kwenye paji la uso, na nguvu hiyo hana tena.

Kwa anayefuga, joto liwe 23 hadi 24, unyevu wa hewa asilimia 75 hadi 85. Kipimajoto usikitundike ukutani, kilaze katikati ya pupa. Rafu ya juu mara nyingi huwa na joto kuliko ya chini, na pupa wa nyuzi 22 huchelewa wiki nzima nyuma ya wa 24.

Hapo ndipo kazi ya madume tasa, yaani kufuga madume, kuwafanya wasizalishe na kuwaachia wapandane na majike wa porini, huweza kuvurugika. Kazi hiyo ndiyo iliyowamaliza mbung'o Unguja miaka ya 1990, nayo huhitaji madume peke yao. Majike hutangulia kutoka kwa siku 2 au 3. Waache watoke, kisha shusha joto hadi kama nyuzi 10, madume wabaki ndani ya maganda. Ukichanganya pupa wa siku mbalimbali, au wa rafu ya juu na ya chini, madume wa trei yenye joto watatoka pamoja na majike wa trei ya baridi, na itabidi uwatenganishe kwa mkono, nzi mmoja mmoja.