Malad hadi Khandwa, nikimfuata Ashok Kumar

Treni nyingi za mitaani za Mumbai hazina habari ya kufunga milango. Ukipandia Churchgate ukielekea Malad, anza kusogea mlangoni mkifika Goregaon, la sivyo umati utakupitiliza kituo. Nilishuka shati limekunjamana, nikaita bajaji, nikamwambia dereva anipeleke Bombay Talkies, studio ya zamani alikoanzia Ashok Kumar, steringi wa picha za Kihindi. Akageuka kunitazama.

"Kule kuna mafundi tu, bhai. Unatengenezesha nini?"

Alisema kweli. Hapo ndipo Himanshu Rai na mkewe Devika Rani walipoanzisha studio yao mwaka 1934, wakaleta na mafundi kutoka Ujerumani. Leo ni karakana zilizobanana, mabati yanakatwa huku na vyuma vinachomelewa kule. Fundi mmoja alisukuma miwani yake juu ya paji la uso, akaninyooshea kidole cheusi kwenye gofu lililoota miti hadi juu ya kuta. "Studio," akasema, kisha akarudi kwenye cheche zake. Kibao sikukiona.

Kumudlal Ganguly, ndiye Ashok Kumar wa baadaye, aliingia humo kama mtu wa maabara ya kusafishia filamu. Alisomea sheria Kolkata, akayaacha masomo. Shemeji yake, Sashadhar Mukherjee, alikuwa idara ya sauti, ndiye aliyemshika mkono. Huenda angezeekea kwenye dawa za filamu, kama si kashfa ya wakati wa kupiga Jeevan Naiya. Devika Rani alitoroka na steringi wake, Najm-ul-Hassan. Mke wa bosi na mwajiriwa wa bosi! Devika akabembelezwa, akarudi. Najm akafukuzwa, na picha ikabaki bila steringi. Rai akamteua kijana wa maabara. Inasimuliwa kwamba mwongozaji, Mjerumani Franz Osten, alilitazama lile taya pana akasema huyu hafai kabisa. Rai hakusikia la mtu. Mwaka huohuo wa 1936 ikatoka Achhut Kannya, kisa cha kijana wa Kibrahmin, tabaka la juu, na binti wa wasioguswa, tabaka la chini kabisa, na India nzima ikalijua jina jipya la Kumudlal: Ashok Kumar.

Kwangu mimi, kutojua kazi ndiko kulikomwokoa. Waigizaji wengi wa enzi ile walitoka jukwaani, wakipaza sauti na kurusha mikono utadhani kipaza sauti hakijavumbuliwa. Yeye hakuwa na jukwaa la kulisahau, akaongea kama mtu aliyekaa sebuleni kwake. Ndiyo maana mwaka 1943, katika Kismet, aliweza kuwa mwizi wa mifukoni, sigara mdomoni, na watu wakampenda hivyohivyo. Ukumbi wa Roxy wa Kolkata uliionyesha picha hiyo kwa zaidi ya miaka mitatu. Sisi tuliokulia kwenye picha za Kihindi huku pwani, tukimshangilia steringi hata akiwa jambazi, tulikuta njia imeshafyekwa.

Kwenda Khandwa, alikokulia, unapanda treni kubwa. Inapita Kalyan, inapanda milima ya Kasara kwa kujivuta, halafu Bhusawal na Burhanpur. Njiani nilikula vada pav, ambayo ni kachori yetu ya viazi iliyofichwa ndani ya mkate na pilipili za kukutoa machozi. Kila abiria aliyesikia ninakokwenda alitamka jina moja: Kishore Kumar, mwimbaji, mdogo wake Ashok.

Na Khandwa yenyewe ni ya Kishore. Nyumba ya baba yao, wakili Kunjalal Ganguly, ipo Bombay Bazaar, imechakaa, maduka yakiwa mbele yake. Watu wa heshima zamani waliona sinema ni uhuni. Inasimuliwa kwamba habari za Ashok kuigiza zilipofika nyumbani, uchumba wake ukavunjwa.

Kwenye eneo la kumbukumbu ya Kishore, watu humwekea maziwa na jalebi, vitu alivyosema atarudi Khandwa kuvila. Nilikereka kidogo, sikatai. Kishore alifika Bombay, yaani Mumbai, kwa mgongo wa kaka yake, aliyemzidi karibu miaka 18. Ashok na mwenzake walipoishika Bombay Talkies, picha yao ya Ziddi, 1948, ndiyo iliyompa mdogo mtu wimbo wake wa peke yake wa kwanza, na ikamtoa mwigizaji Dev Anand. Mwaka uliofuata ilikuja Mahal, ikawapandisha mwigizaji Madhubala na sauti ya mwimbaji Lata Mangeshkar. Kisha Kishore akafariki tarehe 13 Oktoba 1987, siku ya kuzaliwa ya Ashok. Mkubwa akabaki hadi 2001.

Muuza maua pale nje, mzee wa makamo, aliniuliza wimbo gani wa Kishore naupenda. Nikamwambia nimemfuata kaka yake. Akaweka kikapu chini. Mwaka 1984, akasema, mtaa mzima ulijazana kwenye televisheni moja kutazama tamthilia ya Hum Log, na kila mwisho wa kipindi alitokea Ashok Kumar kuwauliza watazamaji maswali. Akanyanyua kidole, akashusha sauti, akaanza kumwigiza mzee yule mwanzo hadi mwisho, na wateja wawili wenye maziwa yao mkononi wakasimama kumsubiri amalize.