Hakuna wekundu

Juzi kliniki wameniomba ruhusa wampige picha kiwiko mwanangu wa pili, penye ukurutu kama wangu. Ya kufundishia, wakasema, jina halitatokea. Mwenyewe akaniuliza njiani, "Kwani mama, mkono wangu una nini cha kusomwa?" Fomu iko juu ya kabati, sijaitia sahihi.

Msimu wa karafuu wa 1998 nilikuwa na miaka 11. Wenzangu wote jamvini wanachambua, karafuu huku, makonyo kule. Mie nimefukuzwa, maana mikono imepasuka na mafuta ya karafuu yakiingia kwenye mipasuko huwaka kama pilipili. Usiku najikuna hadi shuka linaingia damu. Ukurutu, wengine huita pumu ya ngozi. Jirani yetu alisema ni pweza, basi nikanyimwa pweza mwaka mzima (hilo sijalisamehe). Mama akanunua krimu ya dukani, ile ya kujichubulia. Wiki moja mkono laini, wiki ya pili ugonjwa ukarudi na ndugu zake, na ngozi ya kifundo ikabaki nyembamba kama ganda la kitunguu.

Daktari wa kwanza alifungua kitabu. Watoto wa Kizungu watupu, mabaka yamewaiva kama tungule. Akaulaza mkono wangu pembeni ya ukurasa, akawa anatazama huku na huku kama anayelinganisha kitambaa. "Hakuna wekundu," akasema. "Ni uchafu na joto tu." Mama akanyamaza. Asubuhi ile alikuwa ameniogesha mara mbili.

Wa pili alikuwa afisa tabibu aliyetoka kusoma Moshi, pale hospitali ya KCMC, kwenye kituo cha magonjwa ya ngozi kilichoanza 1992. Hakufungua kitabu. Alinivuta dirishani, akanikunja mkono wa gauni, kisha akafumba macho. Kidole kikapanda taratibu kutoka kifundoni, kama mtu anayejaribu karafuu kama imekauka. Kilipofika kiwikoni kikasimama.

"Hapa pamekuwa gome. Na hapa vipele vidogo, vimekaa kwenye vinyweleo." Akafumbua macho. "Ngozi yetu hii, bi mkubwa, wekundu hujificha. Hutoka zambarau, kijivu, au weusi uliozidi. Mara nyingine hupapaswa tu."

Mama akauliza, "Naweza?" Akaweka kidole chake palepale. Miezi yote ile mkono wangu ulikuwa ukiguswa kwa kupigwa, nisijikune.

Yaliyobaki yalikuwa mepesi: mafuta ya mgando mara baada ya kuoga, ngozi ingali na maji, dawa ya kupaka kwa siku chache, sabuni kali tupa. Nilipata nafuu. Kupona, hapana.

Mwaka 2006 watafiti wa Dundee, Uskoti, walihusisha ugonjwa huu na kasoro za jeni ya filagrini, inayosaidia ngozi kushika maji yake. Nilipokuja kuyasoma nilidhani nimejipata. Kumbe kasoro zile walizozitaja, kwa watu wa asili ya Kiafrika ni nadra. Nikajiona niko tena pembeni ya ukurasa.

Kwa hiyo picha waichukue, si ndiyo? Lakini ni mkono wa mtoto, na mie najua kutazamwa kulivyo. Jana wakati nampaka mafuta nikamuuliza anaonaje. Akafikiri sana.

"Wapige," akasema. "Lakini saa yangu ionekane."